Ng'ambo ya Ukuta wa Épinets

Pipa la mvinyo hunywa. Msinicheke, muulizeni yeyote hapa Vaulnay atawaambia vivyo hivyo. Mbao za mwaloni zina pumzi, mvinyo hupotea kidogo kidogo, na kila Jumamosi asubuhi mwenye ghala hushuka chini na taa yake, hufungua kizibo cha kila pipa, huangalia limekunywa kiasi gani, kisha hujazia. Ukizembea, hewa itakaa juu ya mvinyo na mwisho wake ni siki. Baba yangu, Baptistin Perrodin, aliifanya kazi hiyo peke yake kwa miaka arobaini na mitano, mlango umefungwa kwa ndani, na hakumruhusu mtu hata kumshikia taa, si mimi wala mdogo wangu Anselme.

Alikufa Novemba ya mwaka wa themanini na nane. Funguo zikaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na Anselme ana mgongo mbovu na mdomo mrefu.

Jumamosi baada ya mazishi nilishuka. Tulikuwa na mapipa kumi na mawili ya mwaka uliotangulia. Sita ya kulia yalitoka Épinets, shamba letu la tangu babu. Sita ya kushoto yalitoka shamba la jirani tunaloliita "kwa Gaudrillet", ingawa ni letu pia tangu nikiwa mtoto. Mashamba hayo yako kwenye mteremko mmoja, yanapata jua lile lile, na kati yake kuna ukuta wa mawe unaonifika kifuani. Tangu baba aanguke kitandani zilikuwa zimepita siku kumi na sita bila mtu kutia mguu ghalani. Nilitarajia kukuta mapipa yote yamepungua vidole vitatu hivi.

Nikafungua pipa la kwanza la Épinets. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, mvinyo unatetemeka kwenye tundu. La pili hivyo hivyo, na la tatu, mpaka la sita. Nikavuka upande wa kushoto. Pipa la kwanza la Gaudrillet lilikuwa limepungua shubiri nzima. Yote sita yalikuwa hivyo.

Niliogopa. Sina aibu kulisema, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja niliyezika mume na wazazi wawili. Nilijazia ya kushoto kwa haraka nikapanda ngazi bila kutazama nyuma.

Sasa lazima niseme jambo la lebo. Kila kiangazi wageni kutoka Paris husimama mlangoni kwangu, wakanishika mkono na kuniambia, "Bibi, Premier Cru si ndiyo ya juu kabisa?" Nawajibu hapana, someni. Sisi wa mkoa wa Burgundy hatupangi madaraja ya wakulima, tunapanga madaraja ya ardhi. Chini kabisa kuna mvinyo wenye jina la mkoa tu, zabibu za kokote bondeni. Juu yake kuna mvinyo wenye jina la kijiji. Juu ya huo ndiyo Premier Cru, Daraja la Kwanza, na hapo jina la shamba huandikwa pamoja na la kijiji. Na juu ya wote kuna Grand Cru, Daraja Kuu, mwenye kiburi kiasi kwamba hataji kijiji, hutaja shamba lake tu, kama mtu maarufu asiyehitaji jina la ukoo. Kwa hiyo wa kwanza wetu ni wa pili, na anayetaka kucheka acheke.

Épinets ni Daraja la Kwanza. Kwa Gaudrillet ni kijiji tu. Mvinyo wa Épinets unaweza kuushusha ukauuza kwa jina la kijiji, hasara ni yako na hakuna atakayekuuliza. Wa Gaudrillet huwezi kuupandisha hata ukipiga magoti. Kushuka ruhusa, kupanda marufuku. Na ukimimina mvinyo wa kijiji ndani ya pipa la Daraja la Kwanza, lebo yako imekuwa uongo wenye gundi.

Mtu wa kupiga chapa lebo alikuwa anangoja. Tungetia mvinyo kwenye chupa mwezi wa Machi, na lebo huagizwa mapema. Anselme akawa hanipi nafasi ya kupumua.

"Dada, mpigie mtu wa watu. Kwani shida iko wapi? Sema tu Vaulnay Premier Cru Les Épinets, kama kila mwaka, basi."

"Nipe wiki moja."

"Wiki ya nini? Unataka kuchora maua?"

"Anselme, nimesema wiki."

Jumamosi iliyofuata nilikuta yale yale. Ya kulia yamejaa, ya kushoto yamekauka shubiri. Nikafanya alivyofanya mama zamani alipomshuku mtumishi kuiba jamu: nikayeyusha nta, nikaziba kila kizibo, nikagandamiza pete yangu ya ndoa juu yake. Nikafunga mlango kwa kufuli mbili na kulala na funguo chini ya mto. Siku saba baadaye nta ilikuwa nzima, alama ya pete yangu imekaa vile vile, wala hakuna ufa. Nikaibandua. Kulia pomoni, kushoto shubiri.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona tangu siku ya kwanza nikajifanya silioni. Juu ya pipa la mwisho la Épinets kulikuwa na kitambaa cha kufutia, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, bado kibichi. Mimi huvitupa vitambaa popote. Nilijiambia ni Anselme, ingawa Anselme hawezi kushuka zile ngazi bila kulia kwa mgongo.

Sikuwa na shaka ni nani aliyekuwa akija. Firmin Gaudrillet alikufa katikati ya mizabibu yake Februari ya mwaka wa arobaini na nne, ukuta mmoja tu kutoka kwetu. Walimkuta amekaa, mgongo kwenye ukuta, kofia magotini. Nilikuwa na miaka sita, na nakumbuka watu wazima waliacha kuongea kila tulipoingia watoto. Nikafikiri: mzee wa watu anauhamisha mvinyo wake. Alinyimwa daraja akiwa hai, sasa anajipandisha mwenyewe, kikombe kwa kikombe.

Maana alinyimwa, hilo kila ulimi wa Vaulnay unalijua hata kama haulisemi. Tangu nianze kuonja, sijawahi kutofautisha mvinyo wa kulia na wa kushoto. Nilipokuwa msichana nililisema mezani, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupiga, alinipiga kofi.

Basi nikaenda kwa Bi Léonie, binti wa Firmin. Anaishi nyumba ya juu ya mahali pa kufulia, hakuolewa, na kwa miaka arobaini na mitano alikuwa akitusalimu kanisani kwa kutikisa kichwa tu. Nilimkuta jikoni anavunja jozi kwa nyundo.

"Perrodin mlangoni kwangu," alisema. "Kuna mtu amekufa?"

"Ulikuwepo mazikoni, Bi Léonie."

"Nilikwenda kuhakikisha. Kaa. Vunja na wewe, usikae bure."

Nikakaa, nikavunja jozi, nikamweleza yote: mapipa, nta, pete. Sikuficha kitu. Hakucheka. Aliposikia nasema baba yake ndiye anayekuja ghalani, aliweka nyundo chini.

"Baba yangu? Kwenye ghala lenu? Clotilde, baba yangu alikuwa na mkono mmoja. Mwingine aliuacha vitani, Verdun. Ule mrija wenu wa kioo wa kuvutia mvinyo unataka mikono miwili. Mapipa yetu nilikuwa nikiyajazia mimi, na nilikuwa namwaga nusu yake chini, mtoto mimi."

"Basi ni nani?"

"Kwanza nikwambie nilichokisikia, halafu utajijibu." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Mwaka wa arobaini na tatu kamati ilipita mashambani kuandika orodha ya madaraja. Wajerumani walikuwa wakibeba mvinyo wa kawaida kama maji ya mto, lakini ule wenye daraja waliwaachia wenye mashamba. Kwa hiyo ile orodha ilikuwa chakula, unanielewa? Ilikuwa kula au kufa. Mama yangu alikuwa mgonjwa, baba alibaki naye. Mimi nilikuwa nang'oa magugu, nimeinama nyuma ya ukuta, hawakuniona. Mpimaji akauliza, 'Na ng'ambo ya ukuta, si udongo ule ule?' Katibu wa kamati akajibu, 'Hapana, ng'ambo maji hutuama.'"

Nilijua katibu wa kamati alikuwa nani. Picha yake na kalamu yake iko sebuleni kwetu.

"Maji hutuama!" alisema Bi Léonie. "Kwenye mteremko ambao mbuzi anateleza! Baba yako alitaka shamba letu tangu kabla ya vita, na baba alimkatalia mara tatu. Likishuka daraja litashuka bei, ndivyo alivyopiga hesabu. Vuli ile gari la Wajerumani likabeba mapipa yetu yote. Februari, kwenye baridi ile, baba akaenda kukaa pale ukutani. Aprili mama akauza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Na mwenye kuandika alikuwa baba yako."

Nikataka kumwomba radhi. Badala yake nikasema upuuzi, kama mtu anayetafuta pa kutokea. "Kuna kitambaa pia. Kimekunjwa mara nne."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona huruma kwenye uso wa yule mama.

"Firmin hakukunja hata shati lake," alisema. "Huyo unamjua, mdogo wangu. Uso wako unasema unamjua."

Nilirudi nyumbani mbio mbio. Anselme alikuwa jikoni anakula supu.

"Ulimwona baba akijazia mapipa," nilisema. "Usinidanganye leo. Wewe ndiye uliyekuwa ukichungulia kila tundu la nyumba hii."

Kijiko kikabaki hewani. "Nani kakwambia?"

"Sema."

"Mara moja tu. Mwaka wa sitini na moja, kupitia dirisha la hewa. Alikuwa anavuta mvinyo wa Gaudrillet anaujazia kwenye Épinets. Pipa baada ya pipa. Halafu akakunja kitambaa chake. Nilipomuuliza akanishika kola, akasema, 'Namrudishia mtu chake. Ukifungua mdomo utalala nje.' Nikaufunga. Sasa ungefanya nini wewe?"

Nikakaa chini kwenye sakafu, na hasira ikanipanda hadi masikioni. Kwa miaka zaidi ya arobaini baba yangu alimpandisha Firmin daraja kisirisiri, kikombe kwa kikombe, ndani ya chupa zenye jina letu. Alifikiri amelipa. Watu walikunywa mvinyo wa Firmin huko London na Brussels na kuusifu, na jina walilolisoma lilikuwa Perrodin. Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Za baba yangu zilikuwa miaka, naye kafa bila kukamatwa. Na sasa hata kaburini hana raha, anashuka kila wiki kuendelea na kazi ile ile ambayo haikuwahi kumfaa mtu.

"Lebo hatuagizi," nikasema.

"Dada, usinitie wazimu."

"Sehemu ya mvinyo ulioko kwenye yale mapipa sio Épinets. Mimi nitaandika Premier Cru juu yake kwa mkono gani?"

"Kwa mkono ule ule wa kila mwaka! Hakuna anayejua!"

"Yeye anajua. Na yuko chini hapo sasa hivi."

Anselme akatazama sakafu. Hakubisha tena siku ile. Aliyarejea kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku alikuwa na sababu mpya: jina la familia, paa la ghala linalovuja, kaburi la baba halijakauka. Sababu ya kaburi iliniuma, kwa sababu mimi pia nilimpenda. Alinifundisha kukata mizabibu akiwa ameushika mkono wangu ndani ya mkono wake, na alinibeba mabegani kwenye kila sikukuu ya Mtakatifu Vincent mpaka nilipokuwa mzito. Kumwumbua mtu kama huyo mbele ya kijiji ni kumzika mara ya pili. Lakini kila Jumamosi kitambaa kilikuwa pale, kibichi, na nilianza kusikia ninapofungua mlango ile pumzi fupi ya mtu aliyebeba kitu kizito. Siku moja nikamwambia gizani, "Baba, acha, umechoka." Hakuacha.

Tarehe ishirini na mbili Januari ni siku ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wetu sisi watu wa mizabibu. Tulibeba sanamu yake kwenye theluji, tukasali, tukaingia ukumbini. Maandazi ya jibini yalipita, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo ikapita, wimbo wa kupunga mikono ukaimbwa mara mbili. Ilipofika zamu ya kila nyumba kuinua glasi na kutaja mavuno yake, mimi nilisimama.

"Nyumba ya Perrodin," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka. "Mwaka wa arobaini na tatu baba yangu aliiambia kamati kwamba ng'ambo ya ukuta wa Épinets maji hutuama. Alisema uongo. Udongo ni mmoja. Firmin Gaudrillet alinyimwa daraja lake, akachukuliwa mvinyo, akafa. Halafu kwa miaka yote baba yangu alichanganya mvinyo wa shamba lile ndani ya Épinets kwa siri. Mmekunywa wote."

Glasi zikarudishwa mezani.

"Clotilde, kaa chini," alisema meya. "Umelewa."

"Nimekunywa maji tangu asubuhi, ndiyo maana nayasema."

"Unajua unachokifanya?" alipiga kelele mzee wa meza ya pili. "Wakija wakaguzi watafungua maghala yetu sote! Ungemaliza mambo yenu kwenu!"

"Tuliyamaliza kwetu miaka arobaini na mitano," nikasema. "Hayakuisha. Mvinyo wetu wote wa themanini na saba, wa kulia na wa kushoto, nautia kwenye tangi moja. Utauzwa kwa jina la kijiji. Vaulnay, basi. Na nitaandika kwa wakubwa waje wapime udongo wa Gaudrillet upya. Wakikataa wakatae, lakini maneno ya maji kutuama hayatabaki kwenye karatasi bila jibu."

Mtu mmoja akazomea. Anselme alikuwa ameficha uso kwenye mikono yake, na nilijua sitasamehewa mapema. Ndipo kiti kikasukumwa mwisho wa ukumbi na Bi Léonie akasimama, mdogo, koti lake jeusi limefungwa mpaka shingoni.

"Taja jina lake tena," alisema.

"Firmin Gaudrillet."

"Kwa nguvu. Kuna watoto hapa hawajawahi kulisikia."

"Firmin Gaudrillet!"

Akatikisa kichwa, akakaa, akavuta sahani yake na kula. Alikula nyama yote, akafuta mchuzi kwa mkate. Wengine hawakugusa chakula.

Tangi lilikuwa linasubiri kuoshwa, kwa hiyo mvinyo ulibaki kwenye mapipa wiki moja zaidi. Jumamosi ile Anselme alishuka nami. Hakusema kwa nini. Alikuja akishika ukuta, akitukana kila ngazi, nami nikamtangulia na taa.

Nikafungua pipa la kwanza la Épinets. Nikaingiza kidole na sikugusa kitu, nikainama na taa. Mvinyo ulikuwa chini, vidole viwili kamili. La pili vidole viwili. Nikavuka kushoto: vidole viwili. Mapipa yote kumi na mawili yalikuwa yamekunywa sawasawa kama mapipa ya watu wengine wote. Kitambaa kilikuwa sakafuni nilipokitupa wiki iliyopita, kimekauka, kimejikunja ovyo.

"Basi," alisema Anselme. "Ameondoka."

Hilo ndilo nililolitaka. Kwa ajili ya hilo nilikuwa nimelichafua jina letu mbele ya kijiji kizima, na nilipaswa kufurahi. Badala yake nilisimama nimeshika kizibo mkononi, nikisikiliza, na hakukuwa na pumzi ya mtu yeyote zaidi ya yetu sisi wawili. Mazikoni sikuwa nimelia. Nilikuwa na wageni wa kulisha. Nikaita, "Baba?" Nikaita tena kwa sauti zaidi. Mdogo wangu, ambaye mpaka asubuhi hiyo hakuwa amezungumza nami tangu ukumbini, akaninyang'anya taa kabla sijaiangusha.